Droni Haikujiamulia

"Droni ilijiamulia yenyewe kutua pale, hakuna wa kulaumiwa." Maneno haya msemaji wa kampuni yetu aliyasoma mbele ya waandishi wa habari mwezi uliopita, bila kupepesa jicho.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, wahandisi wenzangu, wageni waalikwa, na wewe fundi cherehani uliyeketi mstari wa nyuma na bendeji mkononi: kwa niaba ya wafanyakazi, nimeombwa nimuage mhandisi wetu mkuu wa urukaji, anayestaafu leo. Nitamuaga kwa kuyakanusha maneno hayo, maana sioni zawadi nyingine inayomfaa.

Sisi humwita Mama Upepo. Jina lilitokana na feni za nyumbani alizozipanga katika ukumbi wa majaribio, akiipuliza droni kutoka kila upande, huku programu aliyoiandika ikipunguza kasi ya mota hii na kuongeza ya ile, mpaka chombo kikatulia hewani kama kimetundikwa kwenye msumari.

"Mama, unaitesa," nilimwambia siku moja.

"Bora niitese mimi humu ndani kuliko iteswe juu ya vichwa vya watu," akanijibu, akawasha feni nyingine.

Siku ya ajali, mota moja ilizimika juu ya makazi. Droni, ikizunguka kama pia kwa panga tatu za kurukia zilizobaki kati ya nne, ilifanya ilichofundishwa: ilitafuta kwenye ramani mahali tambarare pasipo na jengo, ikashuka. Mahali penyewe ni ua wa fundi huyu, ambaye mchana hutoa meza yake nje kufuata mwanga. Ikamkata vidole. Sisi tukakimbilia kwa wanasheria. Mama Upepo akaenda kubisha hodi.

"Haikujiamulia," alimwambia fundi. "Mimi ndiye niliyeiambia kwamba uani pana nafasi."

"Na hukujua uani hukaa watu?"

"Sikuuliza, dada yangu."

Mnasema programu ina akili. Sawa. Lakini akili hiyo ina mama, na mama yake yule pale. Tangu siku ile ameiandika upya, ili droni itazame chini kwa kamera kabla ya kushuka, na ikiona mtu, isogee pengine. Kilichobaki ni majaribio. Ninyi viongozi je? Jumatatu mnataka droni zirudi juu ya mtaa uleule na programu ya zamani, eti majaribio yatavuruga ratiba. Ratiba ya nani? Ya fundi?

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu. Lakini Mheshimiwa Mwenyekiti, na wewe Mkurugenzi Mkuu, neno langu la mwisho ni lenu wawili. Kabla hamjamkabidhi Mama Upepo saa ya ukutani mliyomnunulia ya kumuaga, inukeni, mwende mstari wa nyuma, mumwambie fundi kwa vinywa vyenu kwamba droni zitabaki chini mpaka feni zile zimalize kuijaribu programu yake mpya.

Ukumbi unawasubiri.