Kutu ya Themanini na Saba

Benchi la kijiwe lilikuwa kiti cha nyuma cha basi lililokufa zamani, na kwa kuwa Sponji, fundi viti, ndiye aliyelivika kitambaa kipya, nafasi ya katikati ilikuwa yake. Kulia alikaa Msasa, fundi rangi ya magari, kucha zake zina rangi ya gari la mwisho alilopaka. Kushoto alikaa Mzee Gia, dereva mstaafu, ambaye hata akinywa kahawa mguu wake wa kushoto hutafuta klachi. Wembe kinyozi hakukaa. Alisimama karibu na birika, eti anasubiri wateja. Asubuhi hiyo Sponji hakuwa na raha hata chembe. Jana gari lake, hilo hilo lililoegeshwa mbele yao, lilipita kwenye dimbwi, maji yakaingia kwa chini na kumlowesha mkewe mpaka vifundoni. Kumbe sakafu yote imeliwa na kutu. Na kaka wa mkewe ana gari la aina ile ile, tena la miaka mitatu nyuma, na sakafu yake ni nzima kabisa. Mkewe alisema mara moja tu, bila kupandisha sauti: Sponji ampe sababu ya maana leo, la sivyo Jumamosi wanakwenda kwa wazazi wake kwa basi, na gari linauzwa. Sponji alilipenda gari lile kuliko alivyothubutu kusema.

— Jamani, nisaidieni. La shemeji ni la mwaka themanini na nne, langu la themanini na saba. La zamani zima, jipya limeoza. Nikamwambie nini mama watoto?

— Mwambie ukweli, alisema Mzee Gia. Themanini na nne bati lilikuwa bati. Ukigonga mlango, unaumia wewe. Baadaye wakabana matumizi. Hilo la themanini na saba ukipiga chafya linabonyea.

— Bati halina kosa, Msasa alidakia. Kosa ni rangi. Gari likiwa tupu linazamishwa zima zima kwenye pipa la rangi ya kwanza, ile ya kuzuia kutu. Sasa mwaka ule walikuwa na haraka. Wakalichovya mara moja, kama mkate kwenye chai, wakasema tayari.

— Kwani ulikuwepo?

— Rangi inaongea, mzee. Nikiipiga msasa naisikia.

Sponji alijaribu kimoyomoyo kumwambia mkewe habari za mkate na chai. Akauona uso wa mkewe. Akaachana nayo.

— Mnapiga domo tu, alisema Wembe. Kutu ni kama mba. Mimi nina wanangu wawili, mama mmoja, sabuni moja. Mmoja ana mba, mwenzake hana. Kwa nini? Msimu wa kuzaliwa! Gari likiundwa miezi ya mvua, linatoka kiwandani na unyevu wake.

— Kiwandani kuna paa, Wembe, alisema Msasa.

— Paa linavuja!

Mzee Gia aliweka kikombe chini, akatazama huku na huku utadhani anatoa siri ya serikali.

— Sikutaka kusema. Mwaka ule chuma kiliadimika, wakayeyusha meli kuukuu. Chuma kimeishi na maji umri wake wote. Leo kikiona dimbwi kitafanya nini? Si kinalikaribisha ndani!

— Meli wapi, alisema Msasa. Yalikuwa masufuria. Ndiyo maana gari la Sponji likikaa juani linanuka vitunguu.

— Linanuka vitunguu kwa sababu ulikula chakula chako mle ndani, alisema Sponji.

Lakini habari ya meli ilimwingia. Ilikuwa na uzito fulani. Ilikuwa pia na uzuri mmoja mkubwa: haikumtaja yeye popote.

— Halafu siku unalinunua tulikwenda wote kulikagua, Msasa alimpoza. Mimi nilitazama rangi, safi. Mzee akasikiliza injini.

— Ilinguruma vizuri, alikubali Mzee Gia.

— Wembe akakagua vioo.

— Nilijiona vizuri sana, alisema Wembe.

— Na wewe ukalisifu kapeti mpaka dalali akainama kwa haya. "Aliyelishona hili ana mkono." Si ulisema hivyo? Sasa nani angejua mambo ya meli?

Moyo wa Sponji ulitua kidogo. Alikuwa ananyoosha kikombe aongezewe kahawa alipomwona mkewe anavuka barabara. Alivaa ndala. Viatu vyake vya jana, bado vimelowa, alivishika mkononi.

— Karibu, shemeji! alisema Wembe. Kahawa?

— Mama watoto, alisema Sponji, akasimama. Sababu imepatikana. Ni meli.

Mkewe alifungua mlango wa gari, akainama, akaikunja pembe ya kapeti akaigeuza juu. Ukingo ulikuwa umepindwa mara mbili, na pembeni nyuzi za buluu zimepishana msalaba.

— Pembe hii naijua, alisema. Ndiyo ile uliyoishona kwenye mito ya sebuleni kwetu.

Sponji alisogea, akatazama. Sasa alimkumbuka yule dalali alipokuja karakanani kwake na karatasi iliyokatwa umbo la sakafu, akataka kapeti nene, zito, libane kila upande. Gari lenyewe hakulileta. Sponji alilishona kwa mapenzi yote, kisha akalisahau, kisha akalisifu mbele ya watu.

— La kaka yangu halina kapeti, alisema mkewe. Sakafu anaiona kila siku. Pakianza doa, analikwangua na kupaka rangi. Sasa nina swali dogo tu, baba watoto. Mtu alipokuagiza kapeti zito hivi la gari kuukuu, hukumuuliza linakwenda kufunika nini?

Sponji alimtazama Mzee Gia. Mguu wa Mzee Gia ulikuwa unakanyaga klachi kwa nguvu. Msasa alikwangua ukucha. Wembe aliona mteja mahali ambapo hapakuwa na mtu.

— Kahawa imekwisha, alisema Wembe, ingawa birika hakuligusa.

Mkewe alikaa kwenye benchi, katikati, akavianika viatu vyake juani.

— Jumamosi basi linaondoka mapema, alisema. Usichelewe kuamka.

Sponji alipiga magoti mlangoni pa gari, akashika pembe yenye nyuzi za buluu, akaanza kulivuta kapeti lake nje. Lilikataa kutoka. Alikuwa amelishona vizuri mno.