Nusu Lita ya Oili

Ndugu waombolezaji, fundi tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimwita Mizani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, na huyo wa pili ndiye aliyekuja kuwa mume wa shemeji yake anayewasomea historia hii.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1974, akahitimu ufundi wa magari mwaka 1979, akafanya kazi miaka kumi na miwili katika karakana ya mabasi, kisha Mei 1992 akafungua gereji yake mwenyewe ya injini za magari ya mashindano. Kanuni zilitaka injini ibaki kama ilivyotoka kiwandani, naye hakuwa mtu wa kuchakachua, bali alifungua maboksi ya pistoni mpya, akazipima moja moja mpaka apate nne zenye uzito sawasawa, akakwangua kichwa cha injini hadi kipimo cha mwisho kilichoruhusiwa, akasaga vali kwa mkono, na wakaguzi waliokuja kutafuta udanganyifu wakaondoka mikono mitupu.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1988, wakajaliwa mabinti wawili, na mkewe ndiye aliyempa hilo jina la Mizani, akilalamika kwamba mizani ya jikoni imepima pistoni nyingi kuliko unga.

Jumapili tarehe 21 Juni 2009, katika mashindano, mdogo wake akiwa dereva, injini aliyoiunda ilikwama ghafla kwenye kona ndefu, gari likagonga ukuta, na mdogo wake akafariki papo hapo, akiwa na miaka thelathini na minane. Wakaguzi waliipima injini, wakaandika kwamba haikuvunja kanuni yoyote, watu wakasema dereva alizidisha mwendo, naye Mizani akanyamaza, akafunga gereji, hakushika spana tena.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2021, na Alhamisi tarehe 9 Mei 2024, akiwa wodini, alimwomba shemeji yake afunge mlango, akamwambia, "Nilipunguza oili nusu lita, shemeji, injini izunguke kwa wepesi. Pale kwenye kona oili ikakimbilia upande mmoja, pampu ikavuta hewa. Kanuni haikatazi, lakini ni mimi." Akaomba msamaha, akaomba pia jambo hilo lisomwe siku ya kuzikwa kwake. Shemeji alichukua mkoba akatoka, maana kwa miaka kumi na mitano alikuwa akimlaumu mumewe kwa mwendo kasi, tena mbele ya watoto. Kesho yake saa nne asubuhi alirudi, bado hajui atasema nini, akakuta kitanda kimeshatandikwa upya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kufagia bila kuombwa, na mafundi wenzake waliolibeba jeneza.

Wanangu, baba yenu hakuzidisha mwendo, nilimsingizia, nisameheni. Nawe shemeji, msamaha ulioniomba bado sijaupata moyoni, wala siwezi kuwadanganya watu mbele ya jeneza lako, ila nimekuja, na nimesoma kama ulivyotaka. Upumzike kwa amani.