Kiti cha Nje: Utumishi wa Bi. Tryphosa Nyangate

Bi. Tryphosa Nyangate anastaafu tarehe 30 Juni 1979, baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka kumi na tisa. Alianza katika wodi ya uzazi, akasimamia kliniki upande wa Nyamira, na tangu 1967 amekuwa katika kamati ya malalamiko na nidhamu, kazi ambayo wengi wetu tuliikwepa.

Mwaka 1969 mama mmoja kijana kutoka karibu na Keroka alimlalamikia mkunga wetu. Alisema aliachwa peke yake akijifungua, na mtoto akafa. Alifika mbele ya kamati akisindikizwa na baba mkwe wake, Mzee Onyancha. Alipoulizwa maswali aliinamisha kichwa, hakujibu. Mwenyekiti alitaka kulifuta lalamiko kwa kukosa ushahidi.

Wajumbe wote walikuwa Wakisii. Walijua kwamba mwanamke hatamki habari za uzazi mbele ya baba mkwe, lakini walidhani desturi hiyo huachwa langoni mwa hospitali. Bi. Tryphosa alimwomba mzee atoke. Mzee alikasirika, akauliza kama ameitwa ili afukuzwe.

“Baba, mke wa mwanao hawezi kusema ukiwa umekaa hapo,” alimwambia.

“Basi nipeni kiti na chai. Sitasimama nje kama mshtakiwa.”

Bi. Tryphosa alikibeba kiti chake mwenyewe hadi barazani, na chai ikaletwa. Mlango ulipofungwa, yule mama alisema, “Nilimwita. Akaniambia nisimsumbue, anakula.”

Mkunga alikiri. Alisimamishwa kazi mwaka mzima. Alikuwa amesomea uuguzi pamoja na Bi. Tryphosa, na Sabato waliimba kwaya moja. Baada ya uamuzi ule aliacha kwaya, na hadi leo wawili hao hupishana bila salamu. Bi. Tryphosa hajawahi kumsema vibaya, wala kuujutia uamuzi.

Kiti hakikurudishwa ndani. Tangu siku hiyo, kila mlalamikaji huulizwa kwanza angependa nani atoke. Waume wengi wamekikalia, na mchungaji mmoja, aliyelalamika kwamba chai haikuwa na sukari ya kutosha. Lalamiko hilo halijasikilizwa.

Mama Tryphosa, asante kwa kazi ngumu uliyoifanya kwa niaba yetu. Tunakuombea afya na utulivu nyumbani kwako. Kiti tutakitunza palepale barazani, lakini siku utakapokuja kututembelea, utakaa ndani.