Freya Tallentire Si Chombo Namba 417

Mgeni rasmi, Dakta Rosalind Aske, mkurugenzi wetu uliyetoka London kwa treni ya asubuhi. Meneja wa Ubora, Bwana Peverell. Wazazi na wafanyakazi wenzetu:

Sisi wanagenzi wa sayansi wa Kiwanda cha Dawa cha Thornbeck, hapa bonde la mto Tees, tunakukaribisha kwa furaha. Tunajua mvua imekunyeshea tangu kwenye maegesho, na tunaomba radhi kwa kofia ya nywele uliyovalishwa mlangoni. Hapa hata mafundi wa paa huvalishwa.

HISTORIA YETU KWA UFUPI

Tunajifunza kazi kwa kuifanya, na siku moja kwa wiki tunakwenda chuoni. Mwaka wa kwanza mwanagenzi huosha vyombo vya kioo. Mwaka wa pili huruhusiwa kupima. Tumefundishwa kwamba lisiloandikwa halikutendeka, na kwamba kila chombo cha maabara lazima kiwe na namba na cheti cha kuthibitisha kuwa kinapima sawasawa. Mwenzetu Freya Tallentire, wa mwaka wa pili, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, ndiye aliyelishika somo hilo kuliko sote. Akipiga chafya maabara, huandika saa.

MAFANIKIO

Wiki tatu zilizopita Freya alipewa vidonge vipya vya moyo, mzigo wa kwanza, avijaribu kama vinayeyuka. Jaribio lenyewe ni vidonge sita, vyombo sita vya maji yenye joto la mwili, na nusu saa. Kidonge kisichoyeyuka hupita tumboni mwa mgonjwa kama kokoto. Nusu saa ilipokwisha, viwili vilikuwa vimeyeyuka. Vinne vilikuwa vimetulia chini kama vifungo vya shati. Freya akarudia jaribio, vikatulia tena. Akaandika alichokiona, akatia saini, akampelekea Bwana Peverell.

"Una hakika, binti?"

"Nina hakika, bwana. Nimevitazama mpaka macho yakaniuma."

"Basi kuna chombo kibovu," akasema Bwana Peverell. "Kitafutwe."

Sisi tunalihesabu jaribio hilo la Freya kuwa fanikio letu kubwa mwaka huu, ingawa kwenye taarifa ya mwezi halimo.

CHANGAMOTO

Mzee Norman Coates, fundi wetu wa vipimo kwa miaka thelathini na moja, alikagua kila kilichotumika siku ile. Mizani ilikuwa sawa. Kipimajoto sawa, saa nayo sawa. Kikabaki chombo namba 417, ambacho hakikuwa na cheti. Mzee Norman alikitafuta kabatini, akakitafuta stoo, mwisho akafungua kompyuta na kusoma kwa sauti: "Tallentire, F. Chombo cha maabara. Kimepokelewa Septemba mwaka jana." Siku Freya alipoajiriwa, mtu fulani alimwandika kwenye orodha isiyo yake.

Tulicheka. Freya naye alicheka, kwa asubuhi moja. Mchana mlango wa maabara ulikataa kadi yake, kwa kuwa chombo kisicho na cheti hakiingii, na majibu yake yote yakapigwa muhuri wa BATILI. Alibandikwa karatasi nyekundu mgongoni, imeandikwa USITUMIE, akapewa kiti katika chumba cha vyombo vibovu, kati ya pampu na friji lisilogandisha. Tulipompelekea chai tulitakiwa kusaini kwamba tumemwongeza kimiminika.

"Nifuteni kwenye orodha, basi," alimwambia Bwana Peverell.

"Chombo hakiombi kufutwa. Anayeomba ni mmiliki."

"Mmiliki wangu ni nani?"

"Idara ya Ubora."

"Si ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi. Lakini siwezi kufuta chombo kilicho chini ya uchunguzi."

Mzee Norman alipopata habari akavua miwani. "Wanataka cheti, mwanangu? Tutawapa cheti."

Alimpima siku mbili. Alimfunga macho akamwekea mawe ya mizani kiganjani mara thelathini, lipi zito, lipi jepesi. Akampima joto, thelathini na sita nukta nane. "Umeishinda mizani ya chumba cha tatu," akamwambia. "Uko sawa, binti. Huna kasoro." Freya, ambaye tangu balaa hili lianze hatukuona chozi lake, akalia palepale mbele ya friji. Tangu apeleke yale majibu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia yuko sawa.

Cheti kilihitaji pia saini ya mtengenezaji. Idara ya Ubora ikampigia simu mama yake, Bi Lorna, anayeoka mikate huko Middleton.

"Ulimtengeneza lini?"

"Novemba. Ilichukua saa kumi na tisa, na sirudii."

"Kuna kitabu cha maelekezo?"

"Kingekuwepo, mpenzi, ningekisoma mimi kwanza."

Alisaini. Idara ikakataa saini yake, kwa kuwa hayumo kwenye orodha ya watengenezaji waliokubaliwa. Jiko lake litakaguliwa mwezi Machi.

Mgeni rasmi, Machi ni mbali. Sisi wengine tuliomba kulirudia jaribio tukajibiwa kwamba jaribio batili halikufanyika, na lisilofanyika halirudiwi. Yakachukuliwa majibu ya Julai, ya vidonge vya mfano, yakawekwa mahali pa yale ya Freya. Vidonge vile vya Freya vimo kwenye maboksi. Maboksi yamo kwenye lori lililoko nje, lenye utepe wa bluu, ambalo umekuja kuliaga.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi kumi na mawili, likiwemo la oveni mpya ya kupashia chakula. Tumeyaweka kando. Hapa palikuwa pia na maneno makali kidogo kuhusu Bwana Peverell; Freya ametuomba tuyafute, tumeyafuta.

Tunaomba umwandike Freya mtu. Tumeambiwa mkurugenzi pekee ndiye mwenye uwezo huo, na fomu iko chini ya sahani ya biskuti.

Tunaomba pia mkasi ulioandaliwa ili ukate utepe wa lori ubaki juu ya kitambaa chake.

La mwisho. Freya ameruhusiwa kuwamo ukumbini leo kama kifaa cha maonyesho. Ulipoketi, alitumbukiza kidonge kimoja kutoka mzigo ule kwenye glasi iliyo mbele yako. Maji ni ya joto la mwili, na glasi iko juu ya kipasha chai. Sasa ni dakika arobaini, tukihesabu kwaya na hotuba ya Bwana Peverell. Tunakuomba usiyanywe. Yatazame tu, kisha uwaambie waliokaa nyuma unachokiona.

Mungu akurudishe salama kwa watu wako, na awalinde wote wanaomeza dawa zetu bila kutujua.

Ni sisi, Wanagenzi wa Sayansi wa Thornbeck, kwa sauti ya Declan Sowerby. Tuko saba, ingawa karatasi uliyopewa inasema sita na chombo kimoja.