Pasheni Mikono Joto Kwanza

Sogeeni karibu, wanangu. Wewe kifungua mimba funga huo mlango, na wewe kitinda mimba wangu acha kulia kwanza unisikilize, maana sauti niliyobakiwa nayo ni ndogo na sitaki kuimalizia kwa kubembeleza watu wazima. Daktari ameniambia ukweli na nimemshukuru. Naondoka nikiwa nimeshinda, na nataka mjue nilishinda nini, asije mtu akawapokonya.

Nyumba ni yenu wote wawili, msiiuze. Mwanangu mkubwa, una familia, kaa ndani yake, na chumba cha dada yako kibaki chake hata asipokikanyaga mwaka mzima. Hilo limekwisha. Lililo gumu ni chumba cha panya wa majaribio pale taasisi yetu ya utafiti.

Mama yenu mkubwa, dada yangu, mlimjua, jinsi ugonjwa wa viungo ulivyomvimbisha vidole hadi akashindwa kufunga vifungo vya gauni lake. Lakini alipokuwa mjamzito vidole vilinywea, akashika sindano akamshonea mtoto nguo zote, na mtoto alipozaliwa tu maumivu yakarudi kana kwamba yalitoka kidogo kwenda dukani. Watu walisema ni bahati. Mimi nilikuwa mwanafunzi, nikajiuliza: kinga ya mwili wake, iliyokuwa ikivishambulia viungo vyake mwenyewe, ni nani aliyeiambia itulie? Swali hilo likanilea hadi uzeeni. Nikaifuata homoni moja ya ujauzito, nikawapa panya waliovimba nyayo, na nyayo zikanywea mbele ya macho yangu.

Basi Mzee Darubini, bingwa wa fani yetu, akarudia jaribio langu kwenye maabara yake inayong'aa, akakosa, akarudia tena, akakosa, kisha akasimama mkutanoni akasema matokeo yangu ni hadithi za jikoni. Ukumbi ukaangua kicheko. Tangu hapo nikaitwa Mama Panya, na baba yenu, Mungu amrehemu, akalileta jina hilo hadi mezani: "Mama Panya, nipe chumvi." Nilicheka naye, lakini niliumia, wanangu, niliumia sana.

Sikubishana. Nilifunga safari hadi kwake, nikaomba kiti, nikatazama. Dawa ni ileile, mashine bora kuliko zangu. Kisha nikaona mkono unaingia kizimbani, unamnyakua panya kwa mkia, unamning'iniza huku akilia, ndipo anachomwa sindano. Hapo hapo nikajua. Kwenye maabara yangu mimi nilikuwa nakaa kwenye kigoda, nikapasha mikono joto, nikaiweka kizimbani na kungoja mpaka panya apande mwenyewe kiganjani. Wala haikuwa hekima. Nilikuwa nawaogopa tu.

Nikamwambia, "Mzee wangu, tuwagawe. Wako washikwe mkia, wangu niwashike mimi." Akakubali, akitabasamu kwa pembe ya mdomo. Majuma yakapita. Wale wa mkia damu yao ilijaa homoni za hofu, na kinga yao ilikuwa imevurugika hata dawa haikupata pa kuanzia. Wangu wakapona. Kumbe muda wote ule alikuwa akiipima hofu aliyowatia mwenyewe, kisha ananiita mimi mwongo.

Na hapa nampa haki yake: alirudi kwenye ukumbi uleule akasema, "Mama Panya alikuwa sahihi, mimi nilikuwa na pupa." Wakasimama wote, wanangu, wakapiga makofi hadi nikakosa pa kuweka uso. Alitaka kuniangusha, akaishia kunipa bure uvumbuzi wa pili, kwamba hofu huizuia dawa. Ugomvi ule msiurithi. Dawa ilipofika kwa watu, mama yenu mkubwa alikuja akasimama pale dirishani, akafunga vifungo vya gauni lake kimoja kimoja, bila kusaidiwa, nami nikalia kama mtoto.

Sasa mkurugenzi mpya anataka panya wahamishiwe kando ya karakana, penye misumeno na nyundo, ati kuna nafasi. Binti yangu, kazi hii umeirithi wewe. Ukikubali, wataogopa usiku na mchana, na kazi yangu itaonekana uongo mara ya pili. Kataa. Kigoda changu ni chako, kikalie pale pale mlangoni. Na wewe kaka mtu, mdomo huo ulionichosha nao utotoni sasa umepata kazi. Usimwache peke yake.

Nipeni maji... Inatosha.

Mungu awape subira, na mikono isiyotisha mtu. Watoto wenu wawapende. Mimi... nimewapenda.

Nataka nilale nikitazama dirisha. Nigeuzeni. La, msinivute. Mikono yenu ina baridi. Pasheni joto kwanza, kama nilivyowafundisha. Ndiyo. Iwekeni hapo.

Sasa ngojeni... Nakuja mwenyewe.