Udongo Wenye Vigingi: Historia ya Mwalimu Maximiliana Bujiku Mahona

Marehemu Mwalimu Maximiliana, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Maksi, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 huko Lalago, wilaya ya Maswa, wakati huo ikiwa katika mkoa wa Shinyanga, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Bujiku Mahona na mama Ng'washi, wakulima wa pamba.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Lalago kuanzia 1979 hadi 1985, akaendelea na sekondari, akahitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, kisha akafundisha kemia hapa Bariadi hadi 2016, na katikati ya miaka hiyo, tarehe 18 Septemba 1999, alifunga ndoa na Joakim Mihayo, wakajaliwa watoto wawili, Danford na Winnie.

Aliacha ubao baada ya kumuuguza mama yake, ambaye kila asubuhi bandeji kavu ilibanduka na nyama mbichi ya kidonda chake, akajiunga na maabara ndogo ya utafiti mjini hapa, akitafuta kitambaa cha kidonda kinachoua bakteria, kisichogandia nyama, na kinachooza chenyewe kikifukiwa, akikitengeneza kwa pamba ya Lalago, asali ya Meatu na utando wa ngozi za sato kutoka Lamadi, ambako akina mama wauza samaki walimtania, "Mwalimu, minofu unatuachia, ngozi ndiyo unapeleka kwa shemeji?"

Aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2019, na Januari mwaka huu, 2025, alipata kidonda mguu wa kushoto. Ndugu walimsihi atumie kitambaa chake, wengine wakamuuliza kwa hasira dawa anamfichia nani, naye akajibu, "Hakijaruhusiwa kwa binadamu. Nikipona mtasema ni kitambaa, nikifa mtasema ni kitambaa, na hakuna atakayekuwa na uhakika." Alitibiwa kwa bandeji za hospitali, sumu ya kidonda ikaingia kwenye damu, akafariki tarehe 9 Machi. Familia inaomba lisemwe hivyo hivyo huko nje: kitambaa hakikuwahi kugusa mguu wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa maabara, na majirani mliopika na kulala nasi.

Sasa tunaelekea kaburini, na kuna ombi moja. Upande wa kulia, kwenye vigingi vyeupe, ndipo alipofukia vitambaa vyake tarehe 16 Desemba mwaka jana, kila kimoja na kigingi chake, vifukuliwe tarehe 16 Juni ionekane kama vimeoza, na bila majibu hayo kibali cha kuwajaribia wagonjwa hakitaombwa. Tafadhali tupite upande wa zizi, tuwashike watoto mikono, na udongo wa kumtupia marehemu tuuchote kwenye karai lililowekwa, siyo pale. Jana jioni kigingi kimoja kiling'olewa kufungia kamba ya turubai, bila nia mbaya, Winnie akakirudisha, lakini hajui kama ndipo kilipokuwa, na tangu hapo hajakaa chini.

Pumzika, Mama. Udongo wako tutaulinda hadi Juni, na haujaguswa, isipokuwa hapo kwenye kigingi kimoja.