Yekosofati Wepukhulu na Ukuta wa Jela ya Bumalunda, 1952–2024

Mzee Yekosofati Wepukhulu alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 katika mji mdogo wa Bumalunda, nje ya Mbale, mtoto wa pili wa marehemu Eriasa na marehemu Yunia. Nyumba yao ilitazamana na jela. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeijenga kwa mawe ya mtoni, kuta nene, vidirisha juu karibu na paa, ili kuwafungia wanaume walioshindwa kulipa kodi ya kichwa. Babu yake mwenyewe aliwahi kulala humo. Yekosofati na kaka yake, Timothy Wanyama, walikua wakipiga mpira wa majani makavu ya mgomba kwenye ukuta wake wa nje, na mama yao alipowaita kula, sauti yake iliwafikia hata wafungwa.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa hapo Bumalunda, kisha sekondari mjini Mbale hadi kidato cha pili. Aliyemsomesha ni Timothy, ambaye wakati huo alikuwa dereva wa lori la kahawa. Mwaka 1973 Yekosofati alijiunga na magereza, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili, kwa amri: simama, chuchumaa, hesabu. Hadi mwisho wa maisha yake alisali kwa Lumasaba, lugha ya kwao Bumasaba, na kutania kwa Lusoga, lugha ya watu wa Jinja, lakini akiogopa alirudi kwenye Kiswahili.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Jinja. Siku za mapumziko alitembea hadi Walukuba, ambako msichana wa Mafubira aitwaye Topista Namukose alikuwa akishona nguo barazani. Kijana huyo wa Bumasaba hakujua maneno ya kuchumbia kwa lugha yoyote. Alisimama wima mbele ya cherehani, visigino pamoja, akamuuliza jina, jina la baba na kijiji anakotoka. Topista akamwambia, “Bwana, wewe unachumbia mimi ama unaandikisha mfungwa?” Washonaji wenzake Topista walicheka hadi uzi ukakatika. Wiki iliyofuata alirudi, safari hii bila sare. Walifunga ndoa kanisani Mafubira, Jumamosi tarehe 16 Juni 1979.

Kati ya uchumba na harusi palikuwa na tukio ambalo halikuisha. Jumapili ya tarehe 6 Februari 1977, askari wa jeshi waliingia nyumbani Bumalunda na kumchukua Timothy mezani, kabla hajatia mkono kwenye sahani. Alifungiwa katika jela iliyokuwa ng'ambo ya barabara, siku chache, kisha akapakiwa kwenye gari na hakuonekana tena. Alimwacha mke mjamzito. Yekosofati alipata habari akiwa Jinja, amevaa sare, na hakuuliza popote. Miaka ile, aliyeuliza habari za ndugu yake naye aliulizwa habari zake. Mama yao aliifunika ile sahani, na tangu siku hiyo kila Jumapili alipakua chakula cha Timothy na kukifunika.

Mwaka 1980 Yekosofati alihamishiwa Bumalunda, akawa askari wa jela aliyoichezea utotoni. Katika chumba cha mwisho, chini kwenye kona, palikuwa na majina yaliyokwaruzwa kwenye plasta, mengine juu ya mengine. Akiwa amepiga magoti akasoma jina la kaka yake, na chini yake maneno mawili ya Lumasaba kwa mama yao: kwamba amekula. Jioni ile alivuka barabara akamnong'oneza mama. Mama hakulia. Alichukua ile sahani, akaiosha, akaiweka kabatini pamoja na nyingine.

Zaidi ya mama, aliyemwambia ni Topista peke yake. Wazee wa ukoo walipotaka kumzika Timothy kwa desturi ya asiyepatikana, yaani kuweka mgomba kaburini mahali pa mwili, Yekosofati alikataa. “Huyo ana mahali pake,” alisema. “Msimzike.” Walidhani ni ukaidi. Katika misiba yote ya ukoo aliomba jina la kaka yake lisisomwe miongoni mwa waliotangulia, na halikusomwa.

Kulinda ukuta huo hakukuwa rahisi, maana magereza yana desturi yake. Mkubwa akitarajiwa, kila kitu hupakwa chokaa: mawe ya njia, mashina ya miti, kuta ndani na nje. Mkwaruzo ukutani ulikuwa aibu ya askari wa zamu. Yekosofati, ambaye baadaye alikuwa sajini, aliwafundisha wengi kazi hiyo, na mwenye bidii kuliko wote alikuwa Tamim, rafiki yake wa maisha. Lakini ile kona aliishika mwenyewe. Aliegemeza marundo ya mablanketi, akapaka kuzunguka mablanketi, akasaini kwamba chumba ni safi.

Wafungwa walihamishiwa Mbale mwaka 2004 na jela ikafungwa. Sajini alistaafu mwaka 2007 na kuachiwa ufunguo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka. Aliuvaa shingoni. Mji ulipoanza kuzungumza juu ya kubomoa jengo na kuweka maduka, alianza kuzunguka ofisini hadi ofisini, Mbale, Jinja hata Kampala, akiomba lihifadhiwe. Alieleza habari za mawe ya mtoni na kodi ya kichwa. Ya kona hakuyasema. Serikali zilikuwa zimebadilika mara nyingi, lakini hofu ilikuwa bado mdomoni mwake. Alitaka wataalamu waje wayaone majina kwa macho yao na kuyaandika, ili asiwepo wa kusema ni hadithi ya mzee.

Kwa Wilkista, binti wa Timothy, ambaye yeye na Topista walimlea kama mtoto wao, aliahidi kitu kimoja. “Baba yako aliacha neno. Siku wageni wakija, utasimama mbele yao wote na kulisoma.” Wilkista hakuwahi kuuona mwandiko wa baba yake. Alisubiri, kwa sababu aliyemwambia asubiri ni mtu asiyedanganya.

Mwezi Agosti 2023 figo zilimwangusha, na binti yake Janepher akampeleka kwake Mpumudde ili atibiwe Jinja. Hapo ndipo habari ilipofika: wageni kutoka idara ya mambo ya kale wangekagua jela Alhamisi tarehe 14 Septemba. Kwa furaha alimpigia Tamim simu kutoka kitandani na kumwagiza aje achukue ufunguo. “Fungua madirisha, fagia, wageni wanakuja,” alimwambia. “Ndiyo, afande,” Tamim akajibu.

Tamim aliwaita wastaafu wenzake. Walikuja na mabuti yao ya zamani. Walifanya kile walichofundishwa na Sajini mwenyewe. Plasta iliyokwaruzwa waliibandua yote, wakapiga saruji mpya, wakapaka chokaa hadi dari. Vifusi walivijaza kwenye mashimo ya langoni na kuvishindilia.

Janepher alimleta baba yake Alhamisi hiyo, akiwa hawezi kusimama vizuri. Wazee walikuwa wamejipanga mlangoni. “Afande, ona,” Tamim alisema. “Chumba ya mwisho ilikuwa chafu sana, maandishi maandishi. Tumetoa yote. Kama siku ya mkubwa!” Yekosofati aliingia, akapapasa kona kwa kiganja. Wilkista alikuwa nyuma yake, amevaa gauni la kanisani. Aliuliza, “Baba, ni wapi?”

Mgeni mkuu, Bi Juliet, alikuwa mpole. Aligonga ukuta kwa kidole na kusema, “Mzee, hii ni saruji ya juzi. Ya kale iko wapi?” Sajini akakaza mwili na kujibu kwa Kiswahili: “Hakuna, madam.” Akamgeukia Tamim, akampa mkono. “Kazi nzuri,” alisema. Jengo halikuingizwa katika orodha ya kuhifadhiwa. Februari 2024 tingatinga lilikuja, na sasa pale pana maduka.

Baada ya hapo aliacha kuzungumza habari za jela. Alikaa upande wa pili wa nyumba, usiotazama barabara. Ufunguo, aliorudishiwa na Tamim, hakuuvua. Wiki yake ya mwisho alimwambia Wilkista kila kitu, na Tamim akiwepo. Tamim alijifunika uso. Kisha Mzee alisema, na ndiyo maneno tunayobaki nayo: “Ufunguo ulikuwa kwangu miaka yote. Ningempeleka mtoto siku yoyote.” Wilkista alimshika mkono, na hatutasema hapa zaidi ya hilo. Habari hii imesomwa kwa ombi la Tamim, ambaye hakutaka kukaa kati yenu huku mkimwita rafiki tu.

Mzee Yekosofati alifariki Jumamosi tarehe 2 Novemba 2024, nyumbani Bumalunda. Siku moja kabla, alimwita Topista na kumwambia, “Kateni mgomba.” Ndiyo sababu mnaona makaburi mawili. La pili limechimbwa na Tamim.

Ameacha mjane, Topista, watoto, Janepher na Maxwell, Wilkista, binti wa kaka yake, mjukuu, Natasha, na wazee wenzake wa magereza, walio hapa leo na mabuti yao. Ametanguliwa na baba yake Eriasa, na mama yake Yunia, na, kwa mara ya kwanza jina hili linasomwa katika ukoo wetu, kaka yake Timothy Wanyama.

Bwana awape wote wawili pumziko, kila mmoja mahali alipo.